Makopo Niliyoyagawa Jinja

Wiki ya pili baada ya kustaafu mlinipigia simu, nyinyi mlionirithi dirishani, mkaomba niwaandikie mambo ya dawa feki, kwa ufupi, kurasa mbili. Kurasa mbili zimenishinda. Mtu aliyekaa nyuma ya dirisha dogo la dawa miaka yote hiyo, akiambiwa leo aseme bila foleni kumkodolea macho, hana breki. Vyeo nitaviruka, mnavijua, na havina hadithi. Nitawaeleza habari za makopo.

Kabla sijavaa sare ya magereza nilikuwa mwanafunzi, nikapelekwa Jinja kujifunza kazi katika duka la dawa la Bwana Jayant. Lilikuwa kwenye zile barabara za zamani zenye vibaraza na nguzo, jina la babu yake limeandikwa juu ya mlango, na chokaa imelifunika mara nyingi hadi limebaki nusu. Bwana Jayant alikuwa mzee mwembamba, Mhindu, mwenye sweta la kijani ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na penseli sikioni. Alizungumza Kiswahili cha dukani, kifupi, kisicho na madoido. Mimi ni Mgisu wa Mbale, Mwislamu, niliyesomea shule ya msingi upande wa Kenya kwa shangazi yangu, kwa hiyo nilifika na Kiswahili changu cha darasani nikijiona mtu. Siku ya kwanza nilitarajia kupewa koti jeupe. Nilipewa msumari.

"Dada, toboa," aliniambia, akinionyesha rundo la makopo meupe ya plastiki, yale ya vidonge elfu moja, yote matupu.

"Yote, bwana?"

"Yote. Chini. Halafu karatasi ya jina, toa."

Asubuhi nzima nilikaa kwenye ngazi ya nyuma na jiwe langu na msumari wangu wa inchi nne, natoboa. Akina mama wa sokoni walikuja kuomba. Mnajua jinsi makopo yale yanavyopendwa: kifuniko cha kuzungusha, hayapitishi maji, hayaingii sisimizi. Bwana Jayant alimjibu kila mmoja jibu lile lile, "Hapana. Iko na tundu," akarudi kwenye penseli yake. Nilimwonea aibu. Mzee tajiri kiasi hicho anamnyima mama kopo la chumvi! Jioni nilijipa moyo nikamuuliza sababu.

"Watu naweka kitu," alisema.

Nikadhani anaogopa mafuta ya taa, kwamba mtu atayaweka humo na nyumba itaungua. Nikaona huyu ni mchoyo aliyejitafutia sababu nzuri. Sikuuliza tena.

Ukiacha uchoyo wake, alinifundisha kazi vizuri kuliko chuo. Alinifundisha kufungua kopo jipya kwa pua kwanza, halafu kwa macho. Alinifundisha kusoma namba ya toleo kwenye boksi, kisha kwenye pakiti iliyo ndani, na kama hazifanani, kurudisha yote bila kumsikiliza mwuzaji, hata akiwa shemeji yako. Maandishi alikuwa anayasoma kwa kidole, herufi moja moja, kwa sababu mwenye haraka hukosea jina la kiwanda na mwenye haraka mwingine hununua. Kidonge alikiviringisha kati ya vidole viwili, na kikiacha unga, kilirudi kilikotoka. Kuhusu wale wanaouza dawa wakipita na mfuko kwenye stendi, hakuwa na somo. Alicheka tu, akaniuliza kama ningenunua samaki kwa mtu asiye na anwani. Saa kumi kila siku tulikunywa chai yake ya tangawizi, kali hadi machozi, na hapo ndipo aliponiuliza habari za mama yangu. Nilimpenda mzee yule, uchoyo na yote.

Nilipoajiriwa, nilipangwa zahanati ya kambi moja hapo hapo Jinja. Kambi za askari mnazijua: mtu wa Lira, mtu wa Soroti, mtu wa Arua, mtu wa Bududa, wote ukuta kwa ukuta, na Kiswahili cha gwaride ndicho kinachowaunganisha hata wakigombania kamba ya nguo. Mkuu wetu wa zahanati alitaka dawa ya zamani iishe kabla ya mpya, kwa hiyo kila kopo nililolifungua niliandika chini yake, kwa kalamu nene ya wino usiofutika, tarehe ya kulifungua na herufi Z. Mimi ni Zaituni. Z yangu ina mkia uliokunjwa kama ndoana, kasoro ya tangu darasa la kwanza ambayo viboko havikuiondoa.

Wa kwanza kuniomba kopo alikuwa Mama Apio, mke wa Koplo Ojok, watu wa Lira. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kusikika geti hadi geti, na mgongoni alikuwa na Apio mwenyewe, mtoto wa miaka mitatu hivi, mzito.

"Afande, nipe mimi hiyo kopo," alisema. "Simsim yangu panya inakula yote."

Nilimkumbuka Bwana Jayant na msumari wake, nikaona sasa ni nafasi yangu ya kuwa mtu mwema. Nikampa. Kesho yake alinirudishia kipande cha mkate wa simsim, ule ufuta, kwenye karatasi. Baada ya hapo kila kopo lililoisha lilikuwa na mwenyewe anayelisubiri. Mwaka haukwisha kila jiko la kambi lilikuwa na safu ya makopo yangu meupe: chumvi, mbegu za maharage, vifungo, sukari. Mke wa sajini mmoja aliweka humo barua za mume wake. Mngepita mngesikia, "Afande Zaituni iko na roho nzuri." Nilivimba kichwa, nawaambieni ukweli.

Kisha akaanza kuja mtu wa mabeseni. Alikuja na baiskeli iliyofunikwa mabeseni ya rangi zote, akibadilishana: makopo kumi, beseni moja. Mama Apio aliniletea lake nilione, jekundu, akiligonga kwa vidole kama ngoma. "Kopo yako, afande, imezaa!" alisema. Tulicheka wote. Hata mimi sikujiuliza yule bwana anayapeleka wapi makopo yangu, mwanamke niliyefundishwa na msumari.

Nilihamishiwa Mbale, nikarudi nyumbani, nikapanga vyumba viwili Nabuyonga karibu na shule ambayo kengele yake ndiyo iliyonipeleka kazini. Mwaka mmoja baadaye Koplo Ojok naye akahamishiwa huko. Nyumba za kambi zilikuwa zimejaa, wakapanga mtaa wa Malukhu. Mama Apio alinitafuta siku ile ile aliyoshusha magodoro. Apio alikuwa amefika miaka sita, mwenye pengo la meno mawili na maswali yasiyo na mwisho. Alipenda kusimama kwenye kiti ndani ya chumba changu cha dawa na kuhesabu vidonge kwenye trei pamoja nami. Akifika kumi na tisa alikuwa anaruka hadi thelathini.

Msimu wa mvua wa mwaka ule Apio akashikwa na kifua. Daktari wetu alimsikiliza, akaandika amoksilini ya siku tano. Wiki hiyo rafu yangu ya amoksilini ilikuwa tupu, mzigo ulikuwa haujafika. Nikamwambia Mama Apio anunue kwenye duka la dawa lililo karibu na kwake Malukhu, ambalo kila mtu alilitumia. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, aliipita foleni nzima akasimama dirishani. Apio alikuwa mgongoni tena, mtoto wa miaka sita, kichwa kimelala.

"Mimi napatia yeye dawa yote, afande," alisema. Sauti yake ile ilikuwa imekwisha. "Asubuhi, saa nane, jioni. Kifua inazidi tu."

Hapa nitakiri kosa ambalo ni ugonjwa wetu sisi wa dirishani. Nilimuuliza kwa ukali, "Una hakika? Hukuruka? Hukumgawia na jirani?" Miaka mingi tumezoea kwamba dawa ikishindwa, mgonjwa ndiye aliyekosea. Alifungua pindo la gauni lake la gomesi akanipa bahasha yenye kapsuli zilizobaki, na zilikuwa zimebaki sawasawa na zilivyotakiwa kubaki. Aliyejua kuhesabu alikuwa amehesabu.

Nikafungua kapsuli moja. Amoksilini, wanangu, ina harufu, ile kali ya yai lililokaa, huwezi kuikosa hata ukiwa na mafua. Hii haikuwa na harufu. Nikaweka ncha ya ulimi. Muhogo. Unga mweupe wa muhogo, uliochekechwa vizuri. Nikazunguka nikaja upande wa nje, nikainua blauzi ya Apio. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta. Nilihesabu pumzi zake kwa saa yangu, nikaacha kabla ya dakika kwisha maana namba ilikuwa imeshanitosha.

Tulimpakia na mama yake kwenye bodaboda waende hospitali kubwa ya mjini. Nilimpa Mama Apio barua, nakumbuka kila neno: "Mtoto huyu kwa siku tatu amekunywa unga wa muhogo. Tafadhali msihesabu kwamba amepata dawa." Bila barua ile wangeweza kudhani amoksilini imeshindwa, wakapoteza muda kuwaza. Nilipowaona wanakunja kona nikafunga dirisha, nikawaambia foleni wanisamehe, nikaenda Malukhu kwa miguu, karibu nakimbia.

Mwenye duka alikuwa mama mpole, mwenye miwani, ambaye hakuelewa kwa nini nahema. Nilipomweleza alikaa chini. Alisema alinunua kwa mtu wa begi anayeleta hadi mlangoni, mtu mwenye heshima. Kisha akasema kwamba mwanawe mwenyewe alikunywa kapsuli zile zile mwezi uliopita. Nikamwomba kopo.

Lilikuwa kopo zuri. Karatasi ya jina ilikuwa mpya, inang'aa, jina la kiwanda limeandikwa bila kosa. Ungepitisha kidole kama Bwana Jayant usingeona kitu. Nikaligeuza. Chini kulikuwa na kivuli cha wino uliosuguliwa kwa spiriti hadi ukachoka, lakini haukutoka wote. Tarehe ya Jinja. Na Z, yenye mkia uliokunjwa kama ndoana.

Nilikuwa nimemfungashia Apio ule unga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa roho yangu nzuri. Nikazungusha kifuniko, na hapo nikaona kwenye nyuzi za mdomo zinazoshika kifuniko, zimenasa mahali ambapo kitambaa hakifiki, mbegu mbili za simsim.

Katika kambi ile ya Jinja wengi waliweka chumvi. Wengi waliweka sukari. Simsim aliweka mmoja. Nilimwona akilini na beseni lake jekundu, akiligonga kwa vidole. Nikazitoa zile mbegu kwa ukucha, nikazitia mfukoni.

Mkaguzi wa dawa alipofika niliandika kila kitu: herufi yangu, tarehe yangu, makopo niliyoyagawa bila kutoboa. Niliweka sahihi, nikamkabidhi kopo. Mbegu sikuziandika. Najua sheria inasema nini juu ya ushahidi, na nyinyi msiige. Lakini mama yule alikuwa wodini wakati huo, ameshika kinyago cha oksijeni usoni mwa mtoto wake, na sikuona mtu mwenye haki ya kwenda kumwambia kwamba kopo lilitoka jikoni kwake.

Apio alilala siku mbili bila kujulikana ataelekea upande gani. Nilikwenda kila mchana. Mama Apio hakusema, nami sikusema, tulikaa tukitazama kifua kile kidogo kikipanda na kushuka. Mimi si mtu wa kulia ovyo, ila siku ya pili nililia pale pale, kwenye ukingo wa kitanda, na yeye ndiye aliyenishika bega. Siku ya tatu Apio aliamka akauliza kama mandazi yapo. Nilitoka nje kununua, nikanunua mengi mno, nikagawia wodi nzima.

Mtu wa begi alipatikana. Mtu wa mabeseni hakupatikana, au walipatikana wengi, maana wauza mabeseni wote wana baiskeli.

Wiki iliyofuata nilisafiri Jinja kumwona Bwana Jayant. Alikuwa amewaachia wanawe duka, anakaa barazani na sweta lake. Nilimsimulia yote, na mbegu pia, yeye peke yake. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Nani alikufa?" aliuliza.

"Hakuna, bwana."

"Mimi pia, zamani, mara moja. Kopo yangu ilirudi." Akafumbua macho. "Mimi, mtu moja alikufa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ya msumari. Akasema aliniambia: watu naweka kitu. Nikamwambia nilidhani mafuta ya taa. Alinitazama, akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, hadi wanawe wakatoka kutazama, na machozi yakamtoka, sijui yalikuwa ya kitu gani. Kisha akaagiza chai. Alifariki mwaka uliofuata, na kila nikisikia harufu ya tangawizi namkumbuka.

Nilirudi Mbale na msumari. Tangu siku hiyo hakuna kopo lililotoka kwenye chumba changu likiwa zima, na mimi niliyesifiwa Jinja kwa roho nzuri nikaitwa Afande Msumari. Nilivumilia. Mama Apio peke yake hakuniomba tena kopo hata siku moja. Nilidhani ni kwa sababu siku hizi vyombo vya plastiki vimejaa sokoni.

Basi mkitaka kazi yenu ya kurasa mbili, iko humo humo. Nuseni. Fungueni kifuniko mtazame kwenye nyuzi zake, na mgeuze kopo mtazame chini, maana watu husafisha ndani wakasahau huko. Waambieni wagonjwa wasitupe boksi na pakiti kabla ya kupona, na wakinunua wanunue kwa mtu watakayemkuta kesho mahali pale pale. Dawa isipofanya kazi wasiongeze dozi wala wasibadilishe kimya kimya, waje nayo. Na akija mtu akasema dawa haifanyi kazi, mwaminini kwanza. Maswali yenu ya ukali yatamkuta hapo hapo.

Siku ya kuniaga mlikuwepo, mliniimbia, keki ilikuwa kavu lakini nia ilikuwa njema. Hamkuona kilichotokea baada ya nyinyi kurudi kazini. Mama Apio alikuja. Kichwa kimekuwa cheupe, sauti imerudi. Alikuja na Apio, ambaye sasa anafundisha watoto wadogo hesabu shuleni, na natumaini haruki tena kumi na tisa. Walinipa zawadi imefungwa kitambaa: kopo jeupe lililojaa odi, ule mchanganyiko wa simsim na karanga zilizosagwa wa watu wa kaskazini, ambao naweza kuula kwa kijiko bila kitu kingine.

Kwa mazoea ya kazi nililigeuza. Chini palikuwa na tundu la msumari, limezibwa kwa nta ya mshumaa.

"Hili halikutoka kwangu," nilisema. "Nani amelitoboa?"

"Mimi," alisema Mama Apio. "Kopo yote ya nyumba yangu natoboa. Tangu Apio ilikuwa hospitali."

Nikamtazama. Alikuwa ananyoosha kitambaa, anakikunja, anakinyoosha tena.

"Yule bwana ya ukaguzi alikuja wodi na kopo," alisema. "Aliniuliza kama ni hiyo dukani. Mimi nafungua, naangalia."

"Lakini mbegu nilizitoa," nikasema, na papo hapo nikajua nimesema nini.

"Ulitoa, afande." Akanishika mkono, mkono ule ule wa Z. "Uliacha moja. Mimi nilikula."